Moyo wa Mbuzi, Modeli, Chati au Mkono wa Mwanafunzi: Kipi Kinafaa Kufundishia Moyo na Mishipa ya Damu?

Mwalimu wa baiolojia katika skuli ya Unguja au Pemba anapoifikia mada ya moyo na mishipa ya damu huwa na vitu vinne anavyoweza kuviweka mbele ya darasa: chati ya ukutani, modeli ya plastiki inayofunguka, moyo halisi wa mnyama ulionunuliwa sokoni, na mwili wa mwanafunzi mwenyewe, hasa mkono wake. Siku hizi limeongezeka la tano, nalo ni programu ya simu inayomwezesha mtu kuuzungusha moyo kwa kidole. Vyote vinafundisha, na vyote vina mahali vinapopotosha. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuchagua afanye vyema kuanza na makosa ya wanafunzi wake, kisha atafute kifaa kinachoweza kuyasahihisha.

Makosa yenyewe yanajulikana. Wanafunzi wengi huamini kwamba upande wa kushoto wa moyo husukuma damu nyingi kuliko upande wa kulia, kwa sababu wameambiwa kuwa una nguvu zaidi. Wengine huamini kwamba damu iliyomo kwenye vena, yaani mishipa inayoirudisha damu moyoni, ni ya buluu, kwamba vali, vilango vinavyoizuia damu isirudi nyuma, hujifungua na kujifunga kwa nguvu zake zenyewe, na kwamba misuli ya moyo hujipatia chakula kutokana na damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Wapo pia wanaoweza kutaja majina yote ya mishipa bila ya kujua ni wapi ateri, yaani mshipa unaoitoa damu moyoni, inapokwisha na vena inapoanza. Makosa haya hayatibiwi na kifaa kimoja.

Chati

Chati ndiyo rahisi kuipata kuliko vingine, na ina sifa moja ambayo vingine vyote havina: inaonesha safari nzima ya damu kwa mara moja. Damu inarudi kutoka mwilini na kuingia atiria (chumba cha juu) ya kulia, inateremka ventrikali (chumba cha chini) ya kulia, inapanda ateri ya mapafu, inarudi kwa vena za mapafu hadi atiria ya kushoto, inateremka ventrikali ya kushoto, na inatoka kwa aota, ateri kubwa kuliko zote, kwenda mwilini. Mwanafunzi anayerudia masomo kabla ya mtihani anahitaji kuiona njia hiyo ikiwa nzima, na hakuna moyo wa mnyama utakaomwonesha hivyo.

Lakini chati imelazwa bapa, na moyo haukulazwa bapa. Vyumba vinne vinavyoonekana kwenye karatasi kama vimepangwa ubavu kwa ubavu, mwilini vimezungukana: ventrikali ya kulia iko mbele, nyuma ya mfupa wa kifua, na atiria ya kushoto iko nyuma kabisa, karibu na umio. Mwanafunzi aliyekariri chati akiulizwa ni chumba gani kitakachojeruhiwa kwanza na kisu kilichoingia mbele ya kifua, atajibu kwa kubahatisha. Kisha kuna tatizo la pande, kwani upande wa kulia wa moyo umechorwa upande wa kushoto wa karatasi, na mwalimu asiposimama mbele ya darasa akaiegemeza chati kifuani mwake, wapo watakaomaliza mwaka wakiwa wamezigeuza.

Rangi nazo ni mtihani. Buluu iliyochorwa kwenye vena ni alama tu ya damu iliyopungukiwa oksijeni, na damu hiyo kwa kweli ni nyekundu iliyokoza. Isitoshe, mwanafunzi aliyezoea kuwa ateri ni nyekundu na vena ni buluu hukwama anapofika kwenye mapafu, ambako ateri ndiyo inayochorwa kwa buluu na vena kwa nyekundu. Kinachoitofautisha ateri na vena ni mwelekeo wa damu: ateri huitoa damu moyoni na vena huirudisha.

Kwa maoni yangu, mchoro ambao mwalimu anauchora mwenyewe ubaoni hatua kwa hatua, huku wanafunzi wakiuchora kwenye madaftari, unashinda chati iliyochapishwa kwa rangi nzuri. Chati huja ikiwa imekwisha kila kitu, na jicho la mwanafunzi halijui lianzie wapi. Mchoro wa ubaoni hukua kwa mpangilio uleule ambao damu inaufuata.

Moyo wa mnyama

Nje ya Zanzibar, walimu wengi hutumia moyo wa nguruwe kwa sababu ukubwa na umbile lake vinakaribiana sana na vya moyo wa binadamu. Hapa kwetu jambo hilo halina nafasi, na mwalimu atachagua baina ya mbuzi na ng'ombe. Uchaguzi huo si mdogo kama unavyoonekana.

Moyo wa mtu mzima una uzito wa gramu 250 hadi 350 hivi. Moyo wa mbuzi ni mdogo kuliko huo, na moyo wa ng'ombe wetu wa kienyeji hukaribia au hupindukia kilo moja. Ng'ombe ana faida ya ukubwa: vali zake zinaonekana hata kwa mwanafunzi aliyekaa nyuma, nyuzi zake zinashikika kwa vidole, na ndani ya aota yake hupita kidole gumba. Lakini mkaguzi wa nyama, kwa kazi yake ya kutafuta vifuko vya mabuu ya tegu, huupasua moyo wa ng'ombe kabla haujafika sokoni, na kile kinachomfikia mwalimu mara nyingi ni moyo uliokwisha kuchanjwa mahali asipopataka. Moyo wa mbuzi una nafasi kubwa zaidi ya kufika ukiwa mzima. Kwa gharama ya moyo mmoja wa ng'ombe mwalimu anaweza pia kupata ya mbuzi kadhaa, na darasa likagawika makundi ambayo kila moja lina moyo wake. Kwangu mimi hilo linatosha kuamua: mbuzi kwa kazi ya makundi, na ng'ombe kwa mwalimu anayeonesha peke yake mbele ya darasa kubwa.

Liko jambo moja la kuagiza kabla, nalo linabadilisha somo zima. Muuza nyama, awe Darajani au Chake Chake, kwa mazoea hukata mishipa yote karibu kabisa na moyo, kwa kuwa mteja wa kawaida haihitaji. Moyo wa namna hiyo una mashimo juu yake ambayo hata mwalimu hupata tabu kuyatambua. Aombwe siku moja kabla auache moyo ukiwa umeshikamana na mapafu na koromeo, ndani ya mfuko wake. Hapo wanafunzi wataiona ateri ya mapafu ikigawika na kuingia mapafuni, wataziona vena za mapafu zikirudi, na wale wenye macho makali wataiona kamba fupi ngumu inayoiunganisha ateri ya mapafu na aota. Kamba hiyo ni mabaki ya mshipa uliokuwa wazi mnyama alipokuwa tumboni mwa mama yake, wakati mapafu yalikuwa hayajaanza kazi. Binadamu naye anayo.

Kabla ya kisu kugusa chochote, wanafunzi waubonyeze moyo kwa vidole. Upande mmoja ni laini na unabonyea, na upande wa pili ni mgumu. Ule mgumu ni wa kushoto, na mtu aliyeushika kwa mkono wake hapotezi tena pande. Kisha yafanyike majaribio ya maji, ambayo yakikosewa wakati wake hayarudiwi. Aota ishikwe wima na imiminwe maji polepole kutoka juu: maji yatasimama, kwa kuwa vipande vitatu vya vali ya aota vimejaa na kukutana katikati. Hakuna msuli uliozifunga vali hizo, na mnyama amekufa tangu asubuhi. Kilichozifunga ni uzito wa maji yaliyotaka kurudi nyuma. Maelezo ya nusu saa juu ya vali hayawezi kufanya kazi iliyofanywa na kikombe kile cha maji.

Baada ya hapo ndipo moyo ufunguliwe, kwanza ventrikali ya kulia, kisha ya kushoto. Wanafunzi wazipime kuta zote mbili kwa rula. Katika moyo wa binadamu, ukuta wa ventrikali ya kushoto una unene wa milimita 10 hivi na ule wa kulia milimita 3 hadi 5, na katika mbuzi uwiano huo unaonekana waziwazi hata kama vipimo vyenyewe vinatofautiana. Hapa ndipo mahali pa kulisahihisha lile kosa kubwa. Pande mbili zinasukuma kiasi kilekile cha damu, mililita 70 hivi kwa kila pigo mtu anapopumzika, na isingewezekana kuwa vinginevyo, kwani upande mmoja ukizidi kidogo tu kwa kila pigo damu ingejaa mapafuni au mwilini katika muda mfupi. Kinachotofautiana ni shinikizo: ventrikali ya kushoto hufikisha milimita 120 hivi za zebaki ili damu ifike utosini na unyayoni, na ya kulia hufikisha 25 hivi, kwa kuwa mapafu yako jirani na mishipa yake haina upinzani mkubwa.

Ndani ya ventrikali wanafunzi wataona nyuzi nyeupe zinazotoka kwenye kingo za vali na kushuka hadi kwenye vichuguu vya misuli. Nyuzi hizo hazivuti vali ili ifunguke, kama wengi wanavyodhani. Zinaizuia isipinduke kuelekea atiria ventrikali inapojikaza, kama kamba ya demani inavyolishikilia tanga upepo unapolijaza. Moyo wa mbuzi unaonesha pia kwamba ukuta wa kati, uliozitenganisha ventrikali mbili, ni nyama nene isiyo na tundu. Jambo hilo linaonekana dogo leo, lakini kwa karne nyingi waganga walifuata kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa kale, kwamba damu hupenya katika ukuta huo kwa vitundu visivyoonekana. Aliyeipinga kwa maandishi alikuwa Ibn al-Nafis, tabibu aliyesoma Damascus na kufanya kazi Cairo katika karne ya 13. Alisema kwamba ukuta huo hauna njia, na kwamba damu ya upande wa kulia haina budi kupita mapafuni ili ifike kushoto. Mwanafunzi akipewa kijiti na kuambiwa atafute tundu, atafikia jibu hilohilo.

Kosa la chakula cha moyo nalo hupata dawa yake hapa. Juu kidogo ya vali ya aota kuna vitundu viwili vidogo. Kijiti chembamba au mrija laini ukiingizwa humo utaelekea kwenye ateri za koronari, ambazo zimelala juu ya uso wa moyo na kuchimba nyamani. Ventrikali ya kushoto imejaa damu mchana na usiku, na hata hivyo nyama yake inategemea vijishipa hivi viwili tu vinavyoanzia nje ya mlango wake. Mtu mzima mwenye maumivu ya kifua anayepelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja huenda tatizo lake likawa katika mshipa wenye upana wa milimita chache wa aina hii.

Sasa udhaifu wake. Mafuta ya mbuzi na ng'ombe huganda yakawa magumu, na hujaa kwenye mfereji ule ule unaopitisha ateri za koronari, kwa hiyo kuzifuatilia kunahitaji subira na kisu kisicho butu. Upinde wa aota wa wanyama hawa hutoa shina moja kubwa linaloelekea mbele na kugawika baadaye, ilhali kwa binadamu hutoa matawi matatu. Kwenye kitako cha moyo wa ng'ombe, yaani sehemu ya juu inakoanzia aota, huwa na mfupa mdogo ambao binadamu hana. Na kwa kuwa mnyama husimama kwa miguu minne, moyo wake umekaa kifuani kwa namna nyingine. Wetu umelala mshazari juu ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, theluthi mbili zake zikiwa kushoto kwa mstari wa kati. Mwalimu asipoyataja haya, mwanafunzi atamchora binadamu mwenye moyo wa mbuzi.

Usafi ni suala jingine. Moyo ununuliwe asubuhi ya somo na ubebwe ndani ya barafu, kwani joto letu halingoji. Wanafunzi wavae glavu au waoshe mikono kwa sabuni, na meza ioshwe kwa dawa ya klorini. Formalini isiingie katika skuli za sekondari kwa ajili ya kazi hii. Mvuke wake huunguza macho na koo, na dawa yenyewe inahusishwa na saratani. Friza inatosha kwa siku kadhaa, ingawa nyama iliyogandishwa hulegea kidogo ikiyeyuka.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu huleta mioyo mingi kwa pamoja, na mwalimu aliyezungumza na wazazi mapema anaweza kuijaza friza ya maabara bila ya kutoa senti. Skuli zikiwa zimefungwa wakati huo, lazima awepo mtu wa kuipokea.

Modeli

Modeli nzuri inafanya jambo ambalo mbuzi hawezi kulifanya: inamwonesha binadamu. Matawi matatu ya aota yapo, vena nne za mapafu zipo, mshazari wa moyo upo, na ateri za koronari zimepakwa rangi bila ya mafuta ya kuzifunika. Inaweza kufunguliwa na kufungwa mara mia bila ya kunuka, na mwanafunzi aliyechelewa kuelewa anaweza kuirudia kesho na keshokutwa. Kwa wanafunzi wa afya wa Mbweni, ambao watasomea uuguzi au utabibu na watalazimika kujua tawi gani la ateri linalisha ukuta gani, modeli haina mbadala isipokuwa mwili wenyewe.

Kwa skuli ya kawaida nina shaka zaidi. Vali za plastiki ni ngumu na hazisogei, kwa hiyo hazifundishi kazi ya vali. Zinafundisha mahali zilipo tu. Ugumu wa ukuta wa kushoto hausikiki kwa vidole, kwani plastiki ni plastiki pande zote. Vipande vidogo hupotea katika muhula wa kwanza, sumaku au pini hulegea, na baada ya miaka miwili modeli huwa imefungwa kabatini kwa kuogopwa isiharibike zaidi. Modeli za bei nafuu zina kasoro nyingine: unene wa kuta haukufuatwa, na nyuzi za vali zimechorwa kwa rangi tu. Mwalimu anayepewa nafasi ya kununua aifungue kwanza modeli na aangalie mambo hayo mawili kabla ya kutazama rangi zake. Skuli tatu au nne za mji mmoja, tuseme Wete, zikichanga na kununua moja iliyo nzuri na kuizungusha, zitapata faida kubwa kuliko kila moja kununua yake iliyo duni.

Mkono wa mwanafunzi

Hapa ndipo pana utajiri ambao walimu wengi huupita. Moyo wa sokoni, hata uwe mzima kiasi gani, hauna mishipa ya damu isipokuwa vipande vifupi vya mwanzo wake, na mada yetu ni moyo pamoja na mishipa. Mkono wa mwanafunzi una aina zote tatu za mishipa, damu ndani yake inakwenda, na haugharimu chochote.

Ateri inapatikana kwenye kifundo cha mkono, chini ya shina la kidole gumba. Vidole viwili vikiwekwa hapo vitahisi mapigo, ambayo kwa mtu mzima aliyepumzika huwa baina ya 60 na 100 kwa dakika. Mwanafunzi ahesabu, kisha aruke papo hapo kwa dakika moja na kuhesabu tena.

Vena zina jaribio lenye historia. Kitambaa kifungwe juu ya kiwiko, kwa kukaza kiasi cha kuzuia vena tu huku mapigo ya kifundo yakiendelea kuhisika, na mwanafunzi akunje ngumi. Vena za mkono zitajaa, na juu yake vitaonekana au vitahisika vifundo vidogo, ambavyo ni mahali palipo na vali. Kidole kimoja kikandamize vena chini ya kifundo, na kingine kiisukume damu kuelekea juu hadi kupita kifundo kinachofuata. Sehemu iliyo katikati itabaki tupu, kwani vali ya juu inaizuia damu isirudi. Kidole cha chini kikiachiliwa, itajaa mara moja kutoka chini. Mwingereza William Harvey alilichapisha jaribio hili mwaka 1628 ili kuthibitisha kwamba damu ya vena huenda upande mmoja tu, kuelekea moyoni. Kwa wanafunzi wengi wa kwetu vena huhisika kwa kidole vizuri zaidi kuliko zinavyoonekana kwa macho, na ni vyema achaguliwe mwenye mkono mwembamba au aliyezoea kazi za kubeba. Kitambaa kisikae zaidi ya dakika mbili.

Harvey alikuwa na hoja nyingine ya hesabu, na hiyo inahitaji chaki tu. Mililita 70 kwa pigo, mara mapigo 70, ni mililita 4,900 kwa dakika moja. Mwili wa mtu mzima una lita 5 hivi za damu. Kwa hiyo karibu damu yote inapita moyoni kila dakika, na kwa saa moja moyo umesukuma lita 294. Hakuna chakula kinachoweza kutengeneza damu mpya kiasi hicho. Ni lazima ile ile iwe inarudi. Wanafunzi wanaolifanya hesabu hii wenyewe huacha kuuona mzunguko wa damu kama jambo la kukariri.

Kilichomshinda Harvey ni kuiona njia ambayo damu hutokea katika ateri na kuingia katika vena. Kapilari, mishipa myembamba kabisa inayoziunganisha ateri na vena, zilingojewa hadi 1661, Mtaliani Marcello Malpighi alipoziona kwa hadubini katika mapafu ya chura. Darasani, kapilari hujulikana kwa kukandamiza ukucha: nyama iliyo chini yake hupauka, na kidole kikiachiliwa rangi hurudi kwa muda usiozidi sekunde mbili hivi. Skuli yenye hadubini inaweza kwenda mbali zaidi kwa kumfunga samaki mdogo wa ufukweni katika pamba iliyolowa na kuuweka mkia wake chini ya lenzi, ambapo chembe za damu huonekana zikipita moja nyuma ya nyingine. Arudishwe majini baada ya dakika chache.

Kwa upande wa staha, jaribio la kifundo na la mkono halihitaji zaidi ya kupandisha mkono wa nguo, na makundi ya wasichana na wavulana yakitenganishwa hakuna mzazi atakayelalamika. Mapigo ya shingoni yanafundisha pia, lakini mwanafunzi asikandamize pande mbili kwa wakati mmoja. Udhaifu wa mkono uko wazi: hauoneshi vyumba, hauoneshi vali za moyo, na atakayetaka kuzisikia vali hizo zikijifunga atahitaji stethoskopu.

Programu ya simu

Hii nitaipita haraka. Programu nzuri huonesha moyo wa binadamu ukipiga, jambo ambalo modeli haliwezi, na humwezesha mtu kuuona kutoka nyuma, mahali ambapo chati haifiki. Skuli nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu, na darasa la wanafunzi sitini kuchungulia simu moja ya mwalimu si somo. Faida yake kubwa ni kwa mwalimu mwenyewe, usiku wa kuamkia kipindi, anapotaka kuhakikisha kwamba anazijua pande kabla ya kuupasua moyo mbele ya watu.

Kuchagua kulingana na hali

Skuli ya Makangale isiyo na friza wala hadubini ianze na mkono na ubao, kisha itume mtu Konde alfajiri akalete mioyo miwili ya mbuzi kwa kipindi cha siku hiyohiyo. Kwa fedha kidogo hii inazidi chati yoyote. Skuli ya mjini yenye maabara na vipindi viwili mfululizo igawe makundi, moyo mmoja wa mbuzi kwa wanafunzi wanane au kumi, na iweke chati ukutani ili kundi liweze kulinganisha kile kilichomo katika beseni na kile kilichochorwa. Mwezi wa Ramadhani, wakati harufu ya nyama mbichi ni mzigo kwa aliyefunga, ni bora moyo wa mnyama uahirishwe na wiki hiyo ifanywe ya mkono na hesabu, bila ya kuruka ruka.

Mwanafunzi anayechukia damu asilazimishwe kushika kisu. Apewe kazi ya kuchora na kupima, na mara nyingi huwa ndiye anayeondoka na mchoro ulio sahihi kuliko wote.

Kwa mpangilio, ningeweka mkono kwanza, moyo wa mbuzi pili, na chati mwisho, ingawa desturi ya skuli zetu ni kinyume chake. Chati ikitangulia, wanafunzi huufungua moyo wakitafuta buluu na nyekundu, na huvunjika moyo kwa kukuta nyama ya rangi moja. Ikifuata baadaye, huisoma kama muhtasari wa kitu walichokwisha kukigusa, na huanza wao wenyewe kuonesha mahali ilipokosea. Modeli, kama ipo, iingie baina ya mbuzi na chati, kwa swali moja tu la kuwauliza wanafunzi: nitajieni tofauti zote mnazoziona baina ya moyo huu na ule tulioupasua. Tofauti ya matawi ya aota wataiona kwanza. Ya mfupa huenda wasiione ikiwa wamepasua mbuzi tu, na hiyo ni sababu nzuri ya kumnunua ng'ombe walau mara moja kwa mwaka.